Mkalimani wa Msowero

Tarehe 29 Novemba 1884, katika kijiji cha Msowero, nchi ya Usagara, karatasi moja ilitiwa sahihi na mtu mmoja na kutiwa alama na mwingine. Mwenye sahihi alikuwa Dakta Carl Peters, Mjerumani wa miaka 28 aliyekuwa hajatimiza mwezi mmoja tangu kushuka chomboni Unguja. Mwenye alama alikuwa Mangungo, ambaye karatasi ile inamwita Sultani wa Msowero. Baina yao alisimama mtu wa tatu, na huyo hati inamtaja mara moja tu kwa jina moja tu: Ramazani, mkalimani. Yaliyomo, hati inasema, alielezwa Mangungo na Ramazani kwa njia iliyo wazi, na taratibu zote zinazokubalika Usagara zilifuatwa.

Wawili wa kwanza wanajulikana na kila aliyepita darasa la historia Tanzania. Peters alikuja kuitwa Mkono wa Damu, na mwaka 1897 serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Mangungo naye amekuwa methali. Lakini wa tatu, aliyebeba kinywani mwake kazi ngumu kuliko zote mbili, amepita kama apitavyo mchukuzi wa maji arusini. Na yeyote aliyewahi kukaa na matini ya lugha moja akitafuta njia ya kuyavusha hadi lugha nyingine atajua kwamba hapo ndipo penye kisa chenyewe. Katika karatasi ile Mangungo anatoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, milele, kwa chama cha ukoloni wa Kijerumani, na anapewa urafiki wa milele. Ramazani aliyasema haya kwa maneno gani?

Kamusi aliyokuwa nayo kichwani haikuwa ndogo. Kiswahili cha njia ya misafara kilikwisha kuwa lugha ya biashara, ya ugomvi na ya sulhu kutoka Bagamoyo na Sadani hadi Ujiji. Burton na Speke walipita bonde la Mkondoa mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871 akilaani matope ya Mkata, na kabla yao na baada yao walipita maelfu wasioandika vitabu. Kila msafara uliijua desturi ya hongo. Mgeni akiingia katika nchi ya watu, hutoa nguo, shanga au waya wa shaba kwa mwenye nchi. Mwenye nchi akipokea, njia hufunguka, na mgeni hupata maji, kuni na mahali pa kupiga kambi. Ugogo ndiko hongo ilikotozwa kwa ukali zaidi na ndiko wasafiri wa Kizungu walikopiga kelele zaidi, lakini mantiki yake ilifahamika njia nzima. Kupokea nguo kulikuwa ni kukiri kwamba huyu ni mgeni na mimi ni mwenyeji. Hapakuwa na mtu aliyepokea doti mbili za nguo akadhani ameuza mto.

Leo hongo ni rushwa. Mtu akikamatwa nayo hupelekwa mahakamani. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua kuibadilisha maana hiyo. Ilibadilika pale waliokuwa na haki ya kuitoza walipopokonywa haki hiyo, na tendo lile lile la kumpa mwenye mamlaka kitu mkononi likawa halina tena mamlaka ya halali nyuma yake. Herufi zimebaki vile vile.

Basi Peters alipotoa zawadi zake, Mangungo aliona nini? Na Ramazani aliposema "urafiki", Mangungo alisikia nini? Peters mwenyewe alisimulia kwamba katika safari ile, mahali pengine, alichanjiana na wenye nchi, akawa ndugu yao wa damu. Katika nchi zile undugu wa kuchanjiana ulikuwa mkataba mzito kuliko karatasi yoyote: ulimfunga kila mmoja amlinde mwenzake, amlishe, asimpangie ubaya. Mtu aliyechanjiana na mgeni alikuwa amejiongezea ndugu. Upande wa pili wa mkeka, mgeni alikuwa amejiongezea nchi. Wote wawili waliondoka wameridhika, na pengine kila mmoja aliona mwenzake amepata kidogo.

Kuna na neno "nchi" lenyewe. Wasagara, kama majirani zao Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ilikuwa ya ukoo, nao wazee wa ukoo uliotangulia kuikalia ndio waliofanya matambiko ili mvua inyeshe na mbegu iote. Mkuu wa kijiji aliweza kumkaribisha mgeni, kumwonyesha pa kulima, hata kumpa binti wa kuoa. Kuikabidhi ardhi milele lilikuwa jambo lisilo na kitenzi. Hati inasema Mangungo anatoa kilicho chake kwa urithi au kwa njia nyingine; lakini urithi huo ulipita kwa dada zake na wana wa dada zake, na wengi wa wenye mali walikuwa chini ya udongo au hawajazaliwa. Mkalimani hodari kuliko wote asingeweza kukitafsiri kifungu kile, kwa sababu jambo lililotajwa halikuwapo upande wa pili. Aliweza kulitamka tu.

Kwa msomaji wa Visiwani kuna kifungu kimoja chenye kichekesho kichungu. Hati inadai kwamba Mangungo alipoulizwa alitamka kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na kwamba hata hajui kama kuna mtu wa namna hiyo. Haya yaandikwa kando ya njia iliyopitwa na misafara yenye bendera nyekundu miaka nenda miaka rudi, katika nchi iliyo jirani na Mamboya, ambako Seyyid Barghash aliweka askari wake mwanzoni mwa miaka ya 1880. Na karatasi hiyo hiyo, mistari michache kabla, inahifadhi haki za mkubwa mwingine anayeitwa Mwinyi Sagara. Tena "mwinyi" ni cheo cha pwani, hakikuota Usagara kama uyoga. Kifungu kile hakikuandikwa ili Mangungo akiseme. Kiliandikwa ili kisomwe Berlin na London.

Wanazuoni wa elimu ya jamii wana jina la mambo kama haya. Peter Berger na Thomas Luckmann, katika kitabu chao cha mwaka 1966, walieleza jinsi wanadamu wanavyoyatunga mambo kwa pamoja, kisha wakayazoea, kisha wakasahau kwamba wao ndio waliyoyatunga. Watoto wao huyakuta yamesimama kama majabali. Pesa ni hivyo, mpaka ni hivyo, cheo ni hivyo. John Searle mwaka 1995 aliliendea jambo hilo hilo kwa mlango mwingine: kitu fulani huhesabiwa kuwa kitu kingine mahali ambapo watu wamekubali kukihesabu hivyo. Kuyaleta maneno yao katika Kiswahili ni mtihani. Ukisema "ujenzi wa jamii", msikilizaji huona matofali, saruji na mgeni rasmi aliyekuja kuweka jiwe la msingi. Ukisema "uhalisia uliobuniwa", hudhani unamwambia ni uongo, na hapo ndipo upotofu mkubwa unapoingia, maana noti ya shilingi elfu kumi si uongo hata kidogo. Aliyeikosa siku ya ada ya mtoto anajua.

Lakini pwani ina neno la zamani, na ni ajabu kwamba halitumiki zaidi. Neno hilo ni "itibari". Katika mazungumzo ya kawaida humaanisha imani, kule kumwaminia mtu au kukipa kitu uzito. Katika Kiarabu cha wanavyuoni lina kazi nyingine ya ziada: hulitenga jambo la hakika, lililopo liwe linatazamwa au halitazamwi, na jambo la itibari, ambalo lipo kwa kuwa akili zimelizingatia liwepo. Mto Mkondoa ni wa hakika. Wilaya ya Kilosa ni ya itibari. Maana hizo mbili za neno moja, ile ya sokoni na ile ya darasani, zikishikamana huonyesha kile ambacho maneno marefu ya Kizungu hukificha, kwamba mambo ya jamii husimama kwa kuaminiana, na imani ikiondoka hubaki karatasi. Shaaban Robert alikwisha kulisogelea jambo hili mwaka 1951 alipolipa jina taifa lake la angani: Kusadikika, nchi ambayo mlango wake wa kuingilia ni kitenzi.

Sasa, karatasi ya Msowero haikuwa na itibari yoyote Msowero kwenyewe. Itibari yake ilitengenezwa kwingine. Peters na wenzake walikusanya mikataba 12 ya namna ile katika wiki chache za Novemba na Desemba 1884, katika nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, wakadai kilomita za mraba 140,000 hivi. Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa mkutanoni Berlin. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaizari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizotajwa katika karatasi zile. Barghash alipeleka malalamiko kwa simu mwezi Aprili. Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake na kuelekeza mizinga, naye akakubali. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakaa wenyewe kwa wenyewe, wakampimia Seyyid ukanda wa maili kumi wa pwani ya bara, kana kwamba ni shuka.

Berger na Luckmann waligusia suala la nguvu kwa kupita tu, na pengine kwa watu walioandikia New York hiyo ilitosha. Aliyesoma historia ya bahari hii hawezi kupita tu. Kuna maana zinazokubaliwa kwa sababu watu wamezizungumza hadi zikawaenea, na kuna maana zinazokubaliwa kwa sababu manowari zimetia nanga. Za pili nazo, miaka ikipita, watoto huzikuta kama majabali. Mpaka ni mpaka.

Ndiyo maana methali ya Mangungo haiko sawa. Pakizuka Tanzania mjadala wa mkataba wa madini, au wa bandari kama ule wa mwaka 2023, haukosi mtu atakayesimama na kusema viongozi wametia sahihi kama Mangungo. Maana yake: kwa ujinga, bila kusoma, kwa vijizawadi. Taifa zima limekubaliana juu ya jina hilo, na limekubaliana kwa kuuchukua ushahidi wa Peters kama ulivyo. Karatasi inasema alielezwa wazi; basi alielezwa wazi. Karatasi inasema alitoa, basi alitoa. Mtu huyu ambaye hakuacha neno lake hata moja amehukumiwa kwa maneno ambayo aliyeyaandika alikuwa na kila sababu ya kuyaandika hivyo. Ikiwa kuna aliyedanganyika na karatasi ile, si Mangungo peke yake.

Msowero ipo bado, katika wilaya ya Kilosa, na si mbali na hapo kipo Kimamba, ambako karatasi ilizaa matunda yake. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea magharibi kuvuka tambarare ya Mkata, na Kimamba kikawa kituo kabla ya mji wa Kilosa. Mwaka 1895 ilikwisha kutolewa amri ya Kijerumani kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, na katika nchi ambako mwenyewe alithibitishwa kwa matambiko na makaburi, si kwa waraka, mtu anaweza kukisia ni ardhi ngapi zilionekana hazina mwenyewe. Mkonge ukaja. Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na 62 tu ndiyo iliyofika hai; kutokana na mabaki hayo ukatokea msitu wa mistari iliyonyooka kutoka Tanga hadi Kilosa. Wakulima wa Kigiriki, wa Kihindi na wa Kiingereza wakayashika mashamba baada ya Wajerumani. Wa kuyafanyia kazi walitoka mbali: Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wangoni, Wabena, Wamakonde, na wengine kutoka Msumbiji na Burundi.

Watu hao waliitwa manamba. Neno hili lastahili kusimamiwa kidogo. Mtu aliyeandikishwa kwao ili aje kwa mkataba alipewa namba, na katika safari ndefu ya treni na malori namba hiyo ndiyo iliyokuwa yeye. Kiswahili, ambacho hukipokea kila kigeni na kukitafutia ngeli, kiliichukua namba ya Wazungu, kikaitanguliza "ma-", na ikawa mtu. Manamba mmoja, manamba mia. Hakuna kamati iliyoliunda neno hilo. Lilitoka midomoni mwa wale wale waliolibeba, na ndani yake mna dhihaka inayochoma pande mbili: limemtukana mwenye shamba kwa kumwonyesha alivyowaona watu, na limemtukana mwenye namba kwa kumwonyesha alivyokubali kuonwa. Baadaye likawa tusi la mitaani kwa mtu yeyote wa kuhemea kibarua.

Na juu ya namba kulikuwa na kipande. Kenya kipande kilikuwa kitambulisho cha kuvaliwa shingoni. Tanganyika, katika mashamba, kilikuwa kadi ya siku za kazi. Ilikuwa na nafasi 30. Kila siku mtu alipoimaliza kazi yake aliyopimiwa, aliwekewa alama. Asiyeimaliza, au aliyeamka na homa, hakuwekewa. Zilipojaa 30 ndipo mshahara wa mwezi ulipotoka. Kwa hiyo mwezi wa Kimamba haukuwa mwezi wa mbinguni wala wa kalenda. Uliweza kuwa na siku 40 na zaidi. Mtu aliweza kuuona mwezi mwandamo, akauona ukiwa mpevu, ukafifia, ukaandama tena, naye bado akawa anasema "sijamaliza mwezi", na akawa anasema kweli.

Wa pwani wasicheke haraka. Kila Shaabani ikikaribia kwisha huzuka mabishano yale yale, ni mwezi ulioonekana wapi na nani aliyeuona, na katika mtaa mmoja watu wamewahi kula Idi siku mbili mbalimbali. Mwezi wa angani ni mmoja na ni wa hakika. Mwezi wa kufunga unahitaji mashahidi. Tofauti ni kwamba katika mwandamo kila Mwislamu mwenye macho aweza kuwa shahidi, ilhali kipande kilikuwa na kalamu moja, nayo ilikuwa mkononi mwa karani.

Lililo la ajabu ni jinsi manamba walivyoufanya mwezi ule kuwa wao. Madeni ya dukani yalilipwa kwa vipande. Ahadi za posa zilihesabiwa kwa vipande: atarudi kwao baada ya vipande kadhaa. Kilichotungwa ili kumbana mtu kikawa saa ya maisha yake, na si kwa upumbavu, bali kwa kuwa mtu hawezi kuishi miaka miwili ndani ya kalenda ya mwingine bila ya kuifanya iwe na sikukuu zake.

Vivyo hivyo kwa makabila. Mara nyingi kambi za mashamba ziligawanywa kwa makabila, na aliyekuja bila kabila lililo wazi alitafutiwa. Jina "Wanyamwezi" lenyewe lilitoka pwani. Waliokuwa wakiitwa hivyo walijijua kwa Unyanyembe, Ukonongo na nchi ndogo ndogo nyingine, mpaka walipofika mahali ambapo wote waliitwa jina moja na wakaona lina faida. Mwanahistoria John Iliffe alionyesha mwaka 1979 jinsi Watanganyika wengi walivyoyajenga makabila kwa sababu watawala walisadiki kwamba lazima wawe nayo. Visiwani nako hakukuwa nyuma. Katika sensa ya mwaka 1924 zaidi ya watu 30,000 waliandikishwa Zanzibar kuwa Waswahili. Katika sensa ya 1931 walibaki 2,000 hivi. Hapakupita tauni. Watu walikuwa wameona ni jina gani linafungua mlango na ni jina gani linaufunga, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili, chakula cha mgao kilipotolewa kwa kufuata jina, wakaona vizuri zaidi.

Itibari huua pia, na Kilosa wanajua. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, wengi wao wanawake na watoto. Mazao yaliyoliwa na ng'ombe yalikuwa ya hakika, na kiu ya ng'ombe ilikuwa ya hakika. Lakini nani "mwenyeji" na nani "mvamizi", eneo gani ni la kijiji gani, hati ya nani ndiyo hati, hayo yote yalikuwa yamechorwa na watu juu ya ardhi ambayo mashamba makubwa yalikwisha kuimega. Mashamba ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, bei ya mkonge ikaanguka, mengi yakaingia msituni. Baadhi yakauzwa tena, na baadaye serikali ikafuta hati za kadhaa yaliyotelekezwa wilayani humo. Kufuta hati ni tendo la kupendeza kulitazama. Asubuhi mtu ni mvamizi wa shamba, jioni ni mkulima wa kijiji, na mihogo yake haijasogea hata hatua moja.

Pamoja na haya yote kuna maafikiano mengine ambayo hayakuwa na karani, nayo ni utani. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, alivutwa nao kiasi cha kuacha ndege zake kwa muda na kuuandikia makala mwaka 1944. Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi, na wengi hueleza kwamba hayo yalitokana na misafara: wapagazi walipita Uzaramo wakiwa wamechoka na wana njaa, wakachuma mahindi ya watu, na badala ya kupigana mikuki ikatafutwa njia ya kutukanana. Wangoni na Wahehe walipigana kwelikweli kuanzia mwaka 1878 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakachinjana, kisha wajukuu wakawa watani. Mashamba ya mkonge yakauchukua utani huu wa jozi na kuukuza ukawa mtandao. Mtu wa Kigoma aliyefika Kimamba hakuwa na mjomba wala shemeji. Lakini akitaja kwao, mtu asiyemjua aliweza kumrukia, kumnyang'anya kofia, kumwita mtumwa wa babu yake, na kuanzia hapo akawa na mtu wake.

Kwa nje ni mzaha. Kwa ndani ni sheria yenye vifungu vizito, na kifungu kizito kuliko vyote ni cha mauti. Karatasi ya mwajiri ilisema juu ya mshahara, posho na nauli. Ila manamba aliyekufa kambini, mwendo wa wiki kutoka kwao, nani amwoshe, nani amlilie kwa jina? Mtani. Mtani alikuwa na haki na wajibu. Aliingia ndani ya kaburi lililochimbwa akalala, akakataa kutoka. Alisema kaburi hili ni lake, deni lake halijalipwa, marehemu alikuwa mwizi wa kuku, alikuwa mvivu hata kufa amekufa kivivu. Aliiga mwendo wake na kikohozi chake. Waliofiwa walicheka huku machozi yanawatoka, na hapo huzuni ikapata mahali pa kushika.

Maneno hayo yakitafsiriwa neno kwa neno ni matusi juu ya maiti. Polisi au padri mgeni aliyeyasikia kwa mara ya kwanza angeweza kumkamata msemaji, na mkalimani aliyesimama kando yake angepata kazi kama ya Ramazani: kila neno analijua, na hakuna hata moja linalosema kinachosemwa. Tofauti moja ni kwamba hapa wote waliozunguka shimo walijua ni jambo gani linatendeka, na hakuna aliyekuwa akiandika kwa ajili ya msomaji wa mbali.

Mtani hakutoka kaburini bure. Alidai alipwe, na alilipwa: senti chache, kuku, pengine shati la marehemu. Akishapokea alipanda juu akijipangusa udongo, akasema si kitu, ni kidogo mno kwa mtu mzito kama huyu, kisha akashika jembe akawa wa kwanza kufukia.